Wakati Uliopita Una Jinsia

Kiserbokroatia nilijifunza zaidi jikoni kuliko darasani, na ndiyo maana kwa miezi kadhaa nilikizungumza kama mwanamke.

Ilikuwa Belgrade, mwaka 1984. Siasa ya kutofungamana na upande wowote, iliyofanyiwa mkutano wake mkuu wa kwanza katika jiji hilohilo Septemba 1961, ilikuwa bado inasomesha watoto wa watu. Tito alikuwa amekwisha kuzuru Tanzania mwaka 1970, na kwa vijana wa rika langu Yugoslavia lilikuwa jina la kawaida kama Cuba au China. Basi asubuhi tulikaa darasani, wageni wa mwaka wa lugha: Wasudani, Wairaki, Wazambia, Wapalestina, na sisi Watanzania wawili. Mwalimu alichora mistari sita ubaoni, nafsi tatu za umoja na tatu za wingi, na sisi tukaitikia kwa pamoja kama watoto wa chuoni: radim, radiš, radi, radimo, radite, rade. Nafanya kazi, unafanya kazi, anafanya kazi, mpaka mwisho, kisha tunaanza upya na kitenzi kingine.

Mchana nilirudi kwa mwenye nyumba wangu, mjane aliyenipangisha chumba kimoja na kunigawia jiko lake bila kuongeza kodi. Nilimwita teta. Teta ni shangazi na pia ni mama mdogo, maana dada wa baba na dada wa mama wao wanawatia kapu moja. (Kwa wanaume wako kama sisi: ndugu wa baba ni stric, ndugu wa mama ni ujak, na hawachanganywi.) Yeye aliniita sine, mwanangu.

Akitoka sokoni, teta alitua kikapu, akajitupa kitini na kusema: Umorna sam. Nimechoka. Nami nikitoka darasani nilibwaga madaftari nikasema: Umorna sam. Akisema bila sam sokoni, yaani alikuwa sokoni, jioni yake mimi nilikuwa bila sam maktaba. Hakunisahihisha hata mara moja. Nadhani baada ya miaka ya kuishi peke yake alifurahi kupata mtu wa kumrudishia maneno yake yalivyo.

Siku ya kuumbuka ilifika. Nilichelewa darasani, nikasimama mlangoni, nikasema kwa kujiamini kabisa: Izvinite, zakasnila sam. Samahani, nimechelewa. Darasa zima likaangua kicheko, hata Msudani mmoja ambaye tangu tuanze hatukuwahi kuyaona meno yake. Mwalimu akachukua chaki. Upande mmoja wa ubao akaandika zakasnio, upande wa pili zakasnila. Akanitazama kutoka utosini hadi viatuni, akaniuliza kwa upole mimi nakaa upande gani.

Nilikaa upande wa kushoto. Lakini swali lile sikulimaliza siku hiyo, wala leo sijalimaliza.

Jambo lenyewe liko hivi. Katika lugha ile, ukisema nafanya kazi, hakuna anayejua kama wewe ni mwanamume au mwanamke: radim, basi. Ukisema nitafanya kazi, hali ni ileile. Lakini ukitaka kusema ulifanya kazi, lugha inakugeukia na kukudai kitambulisho. Mwanamume ni radio sam, mwanamke ni radila sam. Wanaume wengi ni radili, wanawake wengi ni radile, na wanawake tisini wakiwa na mwanamume mmoja kati yao wote wanarudi kwenye radili. Yaani kesho ni ya yeyote, leo ni ya yeyote, jana peke yake ndiyo yenye mwenyewe wa kike au wa kiume.

Sababu ya kihistoria haina siri. Radila hapo zamani ilikuwa sifa, neno la kumwelezea mtu, kama kusema mrefu au mchovu, na sifa zao zote hufuata jinsia ya anayesifiwa. Sam ni "mimi ni". Kwa hiyo anayesema radila sam, kwa mizizi ya maneno, anasema: mimi ni mtu wa kike niliye na sifa ya kuwa nimefanya kazi. Tendo limekwisha, limekauka juu ya mtu, limekuwa rangi yake. Nilipolielewa hilo niliacha kuliona kama usumbufu wa sarufi. Nililiona kama dai: kwamba ninachofanya sasa kinapita mikononi mwangu tu, lakini nilichokwisha kufanya kimenigeuza kuwa mtu wa namna fulani.

Roman Jakobson, mwanaisimu aliyezaliwa Moscow na kuishia Marekani, aliandika mwaka 1959 kwamba lugha hazitofautiani sana katika yale zinayoweza kuyasema, bali katika yale zinayokulazimisha kuyasema. Kiswahili kinaweza kabisa kusema kwamba aliyechelewa alikuwa mwanamke, ukitaka. Tofauti ni kwamba kinakuachia. Alichelewa: nani? Mtu. Riwaya ya Kiswahili inaweza kumtembeza mhusika kurasa kumi kabla msomaji hajajua kama amevaa kanga au kanzu, na mtafsiri wa kwenda Kiserbokroatia atakwama kwenye sentensi ya kwanza yenye alikuja.

Wapo ndugu zetu wanaojivunia hilo, wanaosema lugha yetu haibagui. Mimi siungi mkono upesi hivyo. Jioni moja jirani wa teta aliniuliza kama nina mke, na mimi, kwa kuwa kitenzi nilichokuwa nimekisikia jikoni siku zote ni kile cha binti za teta, nikajibu kwamba bado, ila mwakani huenda udaću se. Walicheka mpaka teta akashika meza. Kumbe mwanamume wao husema oženiti se, kitenzi kilichotoka kwenye žena, mwanamke. Na mwanamke husema udati se, ambacho ndani yake mna dati, kutoa. Nilikuwa nimewaambia kwamba huenda mwakani nitaolewa. Nilipowasimulia wenzangu wa nyumbani kisa hiki kwa Kiswahili, nao walicheka palepale, hakuna aliyehitaji maelezo. Lugha yetu isiyo na jinsia hata kwenye yeye ilikuwa imeificha yote kwenye kitenzi kimoja, pale hasa inapouma: huyu anaoa, yule anaolewa.

Kuhusu nafsi, mtu aliyezaliwa na Kiswahili hapati shida kubwa, ila lazima ajifunze kusubiri. Sisi mtendaji tunamtaja mlangoni, ni- au u- au a-, kabla kitendo chenyewe hakijajulikana. Wao wanamwacha mpaka mwisho: unasikia kazi kwanza, halafu kwenye silabi ya mwisho ndipo unajua nani. Na kila tunachokifanya mkiani, wao hukifanya kichwani. Sisi tuna andika, na tukitaka maana nyingine tunarefusha mkia: andikia, andikiana, andikisha, andikika. Wao wana pisati, na wanabandika mbele: prepisati ni kunakili, potpisati ni kutia sahihi, upisati ni kuandikisha, otpisati ni kufuta deni vitabuni, propisati ni anachofanya daktari akikuandikia dawa. Shati ni lilelile, mmoja amelivaa ndani nje.

Lakini kilichonikalisha macho usiku hakikuwa nafsi wala jinsia. Ni ile tabia ya vitenzi vyao kuja wawiliwawili.

Septemba, Belgrade nzima inanuka pilipili hoho za kuchomwa. Ni zile ndefu nyekundu, zinanunuliwa kwa magunia. Zinachomwa mpaka ganda linakuwa jeusi na kuvimba, zinafunikwa zipoe, zinamenywa kwa vidole, zinasagwa na kupikwa kwa mafuta kwa saa nyingi, kisha zinatiwa kwenye chupa za mdomo mpana za kuvukia majira ya baridi. Huo ndio ajvar. Teta alikuwa na jiko dogo la kuni uani kwa kazi hiyo tu. Siku moja nilimsikia akiongea na dada yake kwenye simu: Pekla sam paprike celo jutro. Nilichoma pilipili asubuhi nzima. Nikafurahi, nikachukua mkate na sahani, nikaenda uani. Nikakuta beseni moja limechomwa, na magunia mawili hayajafunguliwa.

Nilirudi kumlalamikia. Akanieleza huku akifuta mikono kwenye aproni. Pekla sam haisemi kwamba kazi imekwisha. Inasema alikuwa humo ndani yake, moshi machoni, vidole vyeusi. Kama zingekuwa zimechomwa zote angesema ispekla sam. Kile kipande is- cha mbele ndicho kinachofunga gunia.

Karibu kila kitenzi chao kina pacha wa namna hiyo. Čitati ni kusoma ukiwa ndani ya usomaji, pročitati ni kusoma mpaka jalada la mwisho. Kupovati ni kuwa katika kununua, pengine unazunguka tu duka hadi duka. Kupiti ni kununua, fedha imetoka. Umirati na umreti ndio jozi iliyonishtua: umirao je, alikuwa katika kufa, umro je, amekufa. Mtu anaweza kuumirati mara tatu katika ugonjwa mmoja na kuinuka. Umreti ni mara moja. Na huwezi kukwepa kuchagua. Kabla hujafungua kinywa kusema lolote ulilolifanya, umekwisha kuamua kama ulilimaliza.

Sasa, kwa nini usingizi uliniruka: yule pacha wa kumalizia hana "sasa". Anazo nyumbuko zote sita za wakati uliopo, napišem, napišeš, napiše, zimepangwa safi ubaoni, mwanafunzi anazikariri na kupata alama. Ila huwezi kuzitumia kujibu swali la unafanya nini. Nilijaribu. Mwalimu aliniuliza ninachokifanya, nami kalamu mkononi nikasema: Sada napišem. Akatikisa kichwa. Sada pišeš, akasema. Kad napišeš, javi mi. Sasa unaandika, ukishaandika, nijulishe. Napišem inaishi tu nyuma ya nikisha, na mara ninapo, na kila nikipata. Ina umbo la leo lakini haiwezi kuwa leo. Kilicho kamili hakiwezi kuwa kinatokea. Kinachotokea hakiwezi kuwa kamili. Nimesoma vitabu vizito vya falsafa vilivyotumia sura nzima kufika hapo.

Nilidhani nimeipata hekima. Halafu nikajisikiliza Kiswahili changu mwenyewe, kikaniambia kinyume chake.

Sisi tukimwona mtu usingizini hatusemi analala. Tunasema amelala. Nimekaa, nimesimama, nimevaa, nimeshiba, nimechoka, amenuna, amelewa: haya yote ni ya sasa hivi, na yote yamejengwa kwa -me-, alama ya jambo lililokwisha kutimia. Kwetu sehemu kubwa ya sasa imeundwa na mambo yaliyokamilika. Niliyevaa ni yule aliyemaliza kuvaa. Mserbia aliyelala ni spava, yumo katika tendo la kulala, analitenda usiku kucha kama mtu anayesukuma mkokoteni. Mswahili amekwisha kulala na sasa anakaa tu ndani ya matokeo. Nani yuko sahihi kuhusu usingizi? Sijui kama swali lina maana, lakini tangu siku ile sijawahi kusema nimechoka bila kusikia kwamba kuna kitu kimekamilika.

Wakati ujao ulinipa furaha ya aina nyingine, furaha ya kumkuta ndugu ugenini. Kutaka kwao ni hteti. Nataka ni hoću. Na hiyo hoću, ikichakaa kwa kutumiwa, imebaki ću, kipande kisichoweza kusimama chenyewe, kinachoning'inia kwenye kitenzi kingine: doći ću, nitakuja. Kwa mizizi: kuja nataka. Majirani zao Wagiriki, Wabulgaria na Waromania wamefanya hivyohivyo, kila mmoja kwa kitenzi chake cha kutaka.

Na sisi? Nitakuja. Hiyo -ta- imetoka wapi? Anayeshuku aongeze kirejeshi aone inavyojifichua: nitakapokuja, atakayeshinda, watakaobaki. Ile ka inayojitokeza haikuongezwa. Ilikuwepo tangu mwanzo; ni taka nzima iliyobaki imesimama pale ambapo sauti iliihitaji, wakati kwingine imelika kama kizingiti kwa nyayo. Nilikuwa nimezitumia nitakapo na atakaye maisha yangu yote bila kuziona. Ilibidi niende Balkani nikakariri ću, ćeš, će ili nisikie kutaka ndani ya lugha ya mama yangu.

Kazi yenyewe haijaisha, bado iko jikoni. Mtu wa Dar akitazama mawingu husema mvua inataka kunyesha, na hakuna anayefikiri mawingu yana matakwa. Mzigo unataka kuanguka. Gari likizima tunasema halitaki kuwaka. Teta naye, gari la mkwewe likikataa asubuhi ya theluji, alisema auto neće da upali, gari halitaki kuwaka, neno kwa neno. Kwao kukataa na kutokuwepo kesho ni neno moja tu, neću: sitaki, na pia kiini cha sitakuja. Nilipomwalika teta kwenye sherehe ya wanafunzi na akajibu neću, nilibaki sijui kama ametabiri au amekataa. Sisi tumezitenganisha, sitaki na sitakuja, na ni heri, kwa maana adabu zetu nyingi hukaa katikati ya hizo mbili.

Najua hatari ya kuchimba mizizi. Hakuna anayesema nitakufa akiwa anataka kufa, wala Mserbia asemaye umreću hajiombei. Maana ya neno haiko kwenye asili yake, vinginevyo sote tungekuwa tunaongea na mababu peke yao. Bado najiuliza inakuwaje watu wasiowahi kuonana, mmoja pwani ya Bahari ya Hindi na mwingine kando ya Danube, walipotafuta kifaa cha kuishikia kesho, kila mmoja kwa wakati wake, waliokota kilekile. Hawakuokota kuona wala kujua. Waliokota kutaka.

Na jana waliishikia nini? Kuwa. Sam, si, je, ndicho kitenzi chao cha kuwa, ndicho kinachobeba wakati uliopita. Nasi -li- yetu ya nilikula, wataalamu wa lugha za Kibantu wanatuambia, ni kile kitenzi cha zamani cha kuwa, ambacho bado kinapumua katika aliye nyumbani, nilipo, walio wengi, ambapo hakina habari ya jana hata kidogo. Aliye mgonjwa ni mgonjwa leo.

Kuna neno moja ambamo haya yote yalikutana ghafla. Nilimuuliza teta kwa nini jirani hafungui mlango. Akasema: Biće da spava. Atakuwa amelala. Hakutabiri chochote, alikisia, kwa wakati ujao, jambo la sasa, sawasawa na sisi. Lakini nilipofungua kamusi kutafuta biće, ili nione nyumbuko za biti, kuwa, nilikuta kwanza nomino: kiumbe, kilichopo, kinachoishi. Herufi zilezile, itakuwa na kiumbe.

Belgrade wanaliandika hivyo. Zagreb, kitenzi wanakitenganisha, bit će, na kiumbe wanakiacha neno moja. Ukikitamka kitenzi hicho, masikio hayasikii tofauti yoyote kati ya miji hiyo miwili. Pisat ću ya Zagreb na pisaću ya Belgrade zina sauti moja. Tofauti iko kwenye karatasi tu. Mwaka 1954, Novi Sad, waandishi na wanaisimu walikubaliana kwamba ni lugha moja yenye matamshi mawili na hati mbili. Mwaka 1967 likatoka tamko Zagreb kudai jina na heshima ya Kikroatia. Leo ina majina manne, Kibosnia, Kikroatia, Kimontenegro na Kiserbia. Mahakama ya The Hague iliyoshughulikia vita vya Yugoslavia iliandika herufi za kwanza za majina matatu tu, B/C/S. Na mwaka 2017 likatoka tamko jingine, safari hii likisema ni lugha moja ya pamoja ambayo kila nchi ina haki ya kuiita itakavyo. Watu wenyewe, wasipotaka ugomvi, husema naški, kwa namna yetu. Sisi ambao Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu Mombasa mwaka 1928, katika mji wa Kimvita chenyewe, tunaielewa kidogo ladha ya mambo hayo, ingawa kwetu nafasi kati ya silabi mbili haikuwahi kumtambulisha mtu kwenye kizuizi cha barabarani.

Jikoni kwa teta ilikuwepo picha ya Tito, miaka minne baada ya kifo chake. Alifariki tarehe 4 Mei 1980, na kaulimbiu iliyofuata niliikuta bado imebandikwa kwenye kuta: I posle Tita – Tito. Hata baada ya Tito, Tito. Mwanafunzi wa sarufi anaona mara moja kilichokosekana. Haina kitenzi. Na sentensi isiyo na kitenzi haihitaji kuamua wakati. Zamani zile walipokuwa wakimshangilia walipiga kelele Živeo!, na hili nalo lilinichanganya, kwa sababu živeo ndilo umbo la wakati uliopita, aliishi. Peke yake, bila je, linageuka dua: na aishi! Ndilo hilohilo wanalogonganishia glasi, Živeli!, na ndilo wanalolaania, shetani na akuchukue, kwa umbo la alikuchukua. Sisi tulikuwa na Zidumu fikra, na dumu, kwa kuwa ni la Kiarabu, halibadiliki irabu yake ya mwisho, kwa hiyo dua nayo imejificha kwenye umbo la kawaida. Ila sisi hatukuwahi kuomba maisha kwa wakati uliopita.

Kuondoa je kuna kazi nyingine pia. Vichwa vya habari huiondoa, na wasimulia ngano huiondoa. Wanasarufi wao wanaiita krnji, neno la jino lililovunjika. Mimi naiita wakati uliopita wenye pengo. Mwaka 1995 Emir Kusturica alitoa filamu iitwayo Underground, yenye jina la pili Bila jednom jedna zemlja: hapo zamani palikuwa na nchi moja. Jina limeanza kama ngano, pasipo je. Niliiona Dar es Salaam, kwenye mkanda wa video wa kuazima uliokuwa ukikwaruza, na niliposoma jina lile sikuhitaji kuendelea. Kile wanachokitoa ili jana iwe ngano ni "ni". Zemlja ni ya jinsia ya kike, kwa hiyo bila. Nilikuwa nimelitumia neno hilo kujielezea mimi mwenyewe, jikoni, miezi kadhaa.

Nilipoondoka, 1989, nchi ilikuwa bado na je yake. Kufikia hapo nilikuwa nimejifunza kukaa upande wa kushoto wa ubao, ingawa nikichoka sana, au nikikasirika, umorna ilinitoka kabla ya umoran. Pia nilikuwa nimegundua pa kujifichia. Upo wakati uliopita mwingine, aoristi, wa zamani zaidi na mfupi, ambao Zagreb walikuwa wakiuona wa vitabuni lakini ambao vijijini na kwa teta ulikuwa bado hai: rekoh, nilisema, dođoh, nilikuja, stigoh, nilifika. Hauna sam, hauna sifa, kwa hiyo hauulizi jinsia. Kuna majira nilizungumza kwa aoristi tupu, mpaka marafiki wakaniambia naongea kama mashairi ya vita vya Waturuki. (Baadaye, simu za mkononi zilipokuja na kila herufi ikawa na bei, vijana wao waliirudia aoristi kwa furaha. Stigoh ni fupi kuliko stigla sam.)

Na aoristi ina tabia moja ninayoipenda. Inatumika kwa jambo ambalo halijatokea bado. Mwenye njaa husema umreh od gladi, nimekufa kwa njaa, huku anatafuta kijiko, kama sisi tunavyopiga kelele nimekwisha! tukiwa wazima. Anayeaga husema odoh. Nilikwenda. Anasema akiwa bado mbele yako, kofia mkononi. Sisi husema haya, nimekwenda mimi, na tunakaa nusu saa zaidi, au tunasema nakuja na kutoka nje ya mlango.

Teta alinifungia chupa tatu za ajvar kwenye magazeti ya Politika, akaweka na soksi zangu katikati zisigongane. Nilivaa koti. Nikabeba sanduku. "Odoh, teta," nikasema.

Akanisogelea, akanifunga kifungo cha juu cha koti, akauliza kama nimechukua pasipoti. Nikamwambia ninayo. Akauliza kama nina njaa. Tulikuwa tumesimama palepale, na kwenye jiko kahawa ilikuwa inaanza kupanda.

"Sedi," akasema. Kaa.

Nikakaa.